Kuruti Mnene wa Kizingitini

Siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wa sinema za serikali alinikabidhi projekta akasema, "Mkono usiwe mbali na swichi. Filamu ikikwama mbele ya taa, itaungua." Tangu hapo sikujua tena kukaa nikatulia.

Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mjini Lamu, nami nilifurahi kupangiwa visiwa vya kwetu. Tulionyesha filamu za afya, kisha moja ya kuchekesha. Hiyo ilikuwa kuukuu, ya enzi zile sinema ndiyo kwanza inajifunza kusema. Sauti ilikwaruza, na kipande chenye jina lake kilikuwa kimekatika zamani. Ilimhusu kuruti mnene aliyegeuka kulia kila alipoamriwa kushoto.

Katika kijiji cha Kizingitini tuliionyesha alasiri, ndani ya ghala la kamba, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Kuruti alipomwangukia sajini wake, watu wakaangua kicheko. Afisa tarafa, mgeni kutoka bara, akasimama.

"Zima! Jeshi halifanyiwi mzaha mbele ya raia!"

Kukaidi kulikuwa kupoteza kazi. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi niliposikia mtu akilia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa Bwana Shee, mshona matanga, aliyepelekwa Burma vitani pamoja na mdogo wake, akarudi peke yake.

"Iwate, bwana," akamwambia afisa. "Nduyangu alikuwa kama huyo. Hakuyua kushoto wala kulia. Kambi nzima ikimcheka, naye akicheka nasi."

Afisa alimtazama, akavua kofia, akaketi. Sikuzima.

Habari zilimfikia msimamizi. "Nani alikuamuru kuendelea?"

"Hakuna, bwana."

Akanihamishia stoo ya Mombasa, kupangusa mashine zisizowashwa. Huko ndiko nilikostaafia.

Sasa nimerudi Lamu, na kutulia nyumbani kunanishinda. Wajukuu wameitafuta filamu ile kwenye simu. Bila jina, wataipataje? Majuzi nilishindwa kuvumilia, nikavuka hadi Kizingitini. Bwana Shee alikwisha kufariki. Mjane wake, Bi Khadija, alinikaribisha kahawa.

"Siku ile ya sinema alirudi akalitaja jina la nduye," akaniambia. "Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimewahi kulisikia."

"Aliitwa nani?"

"Athmani."

Tukaviweka vikombe chini, tukamsomea Fatiha.