Fundi Anayepima Mara Mbili

Fundi cherehani wa ghorofa ya pili hampimi mtu mara moja. Kwanza humzungushia mteja tepu kifuani, pini tatu kazibana midomoni, na kuandika namba kwa penseli. Kisha huuliza, kama anayeuliza rangi ya kitambaa: "Jana uliota nini?" Watu hucheka, huguna, mwishowe husema, maana aliyenyoosha mikono hana pa kuficha siri. Fundi humtoa mteja uzi begani, akampima upya, na hicho kipimo cha pili ndicho anachokatia kitambaa.

Leo kaja mchungaji, joho lake kuukuu mkononi, limechanika kifuani kwa mara ya nne. Anataka jipya. Fundi anampima, anaandika namba, kisha anamuuliza lile swali lake. "Mimi huwa sioti, mama," anasema, kasimama wima kama yuko mimbarani. Fundi anachonga chaki yake taratibu, anangoja. "Haya basi. Kila wiki naota niko kanisani kwangu, natafuta mlango, siuoni. Na miaka ishirini nawaonyesha watu njia!"

Fundi anatoa pini mdomoni, jambo asilolifanya hata simu ikiita. "Ukiupata, utatoka au utaingia?"

Kicheko kinamtoka mchungaji tumboni mpaka dirisha linatetema. Fundi anaiwahi tepu, anampima upya kifuani.

"Inchi mbili zimeongezeka," anasema, akifuta ile namba ya kwanza. "Ulikuwa umebana pumzi."

"Tangu nilipoingia humu?"

Fundi analichukua lile joho, anapitisha kidole kwenye mpasuko. "Tangu ulipopimwa hili."