Hita Kwenye Ndoo

Mimi ni msimamizi wa usalama katika kiwanda cha samaki huku Ilemela, na nimechoka kurudia neno moja kila siku: maji na umeme havichezewi! Juzi naingia chumba cha chai, nakuta hita imezamishwa kwenye ndoo, inapasha maji moto, na sakafu imelowa. Hasira zikanipanda mpaka utosini. Nikawaita wanawake wote wanaopara samaki.

"Hita hii ya nani?"

Wote wanatazama chini. Nikajua nimewapata.

Nikawafokea mpaka sauti ikakauka. Halafu, mimi huyohuyo, nikatumbukiza kidole nione kama maji yamepata moto, hita ikiwa bado inawaka. Shoti ikanipiga, nikajikuta chali sakafuni, namwita mama yangu mzazi.

Mama Leticia, mkubwa wao, akazima swichi ukutani ndipo akaniinua.

"Pole, bosi. Tuliona aibu kukujibu mbele za watu. Hita ni yako. Umeichomeka mwenyewe, ukasema unataka chai, ukatoka kwenda kubandika tangazo la usalama."