Ebla Waberi na Lango la Bandari

Ebla Waberi alikuwa ameshaipikia bandari mpya ya Zeila mara nne, na bandari yenyewe bado haikuwa na hata jiwe moja. Kila ujumbe ulipokuja kutoka Hargeisa, meya alituma mtu mlangoni kwake. Mbuzi wakachinjwa, Ebla akapika wali wa viungo na kuweka ndizi mbivu pembeni ya kila sahani, kama desturi ilivyo. Wageni walikula, wakasifu, wakateremka ufukweni na kuonyeshana kwa vidole mahali meli zitakapofunga. Baadaye walipanda magari yao wakaenda zao. Mabaki waliyala Ebla na mumewe, Bogore, siku ya pili.

Ile bandari ya zamani yeye hakuiwahi. Bibi yake ndiye aliyemsimulia habari za kahawa ya Harar, ngozi, ubani na misafara ya ngamia iliyopanga foleni mpaka nje ya mji. Kisha reli ikajengwa Jibuti, na mizigo ikaona heri kupanda gari moshi kuliko kutembea na ngamia. Vita vilipokuja miaka mingi baadaye, vilikuta cha kubomoa ni kidogo, vikabomoa hicho hicho. Bogore alikuwa amerithi nyumba ya mawe ya matumbawe, ya ghorofa mbili, ambayo ghorofa yake ya juu ilikuwa imeshuka chini yenyewe. Alipenda kuwaonyesha wageni mahali ilipokuwa.

Ujumbe wa tano ulikuwa tofauti kidogo. Ulikuja na kofia ngumu za rangi ya manjano na mhandisi kijana aliyezaliwa ughaibuni, ambaye alizungumza Kisomali kama mtu anayetafuna mfupa. Walikwenda upande wa magharibi, kwenye uwanda wa chumvi unaopitwa na njia ya magari ya Jibuti, wakasimika chuma chenye rangi nyekundu. Ebla alikuwa nao, amebeba birika la chai.

"Hiki ni cha nini?" aliuliza.

"Hapa ndipo lango kuu, shangazi," mhandisi akamjibu.

"La watu au la malori?"

"La wote. Malori mia kwa siku, Mungu akipenda."

Ebla akamimina chai iliyobaki, akarudi nyumbani.

"Bogore, nahama."

"Unahamia wapi?"

"Langoni."

"Lango gani?"

"La bandari."

"Bandari ipi, mwanamke? Kule kuna chumvi na fisi."

"Na hapa kuna nini?"

Bogore alifikiri. "Hapa kuna nyumba."

"Nusu," Ebla akasema, akaanza kufunga sufuria.

Hawakugombana. Bogore alimsaidia hata kupakia mabati kwenye lori, ila yeye mwenyewe hakupanda. Alisema nyumba ya babu haiachwi peke yake, isije ikamaliza kuanguka bila shahidi. Saada, mwuza maziwa wa mtaani, alisimama njiani akicheka.

"Ebla! Meli zikifika utuite, tuje na mataulo tuogelee!"

"Nitakuita wewe wa kwanza, uje uoshe vyombo."

Alijenga kibanda cha miti na mikeka, akaezeka mabati, akapaka ubaoni maneno Hoteli ya Langoni. Lango halikuwapo, lakini hoteli ilikuwapo. Kila asubuhi alifagia mbele ya mlango, upepo ukarudisha mchanga, naye akafagia tena. Magari ya abiria yalipita mbio kwa mbali yakielekea Hargeisa, yakimpigia honi. Alipika kidogo, akala mwenyewe. Kampuni ya zile kofia ilikuwa haipokei simu. Binti yake, Kadra, aliyeolewa Jibuti, yeye alikuwa akipiga kila Ijumaa.

"Mama, njoo huku. Huku bandari ipo, imeshajengwa."

"Hiyo ya watu."

"Na hiyo yako iko wapi?"

"Inakuja."

Baada ya kukata simu alikaa muda mrefu akitazama kile chuma. Kilikuwa kimeanza kushika kutu. Siku hiyo alilia kidogo, akaosha uso, akakoroga unga wa mikate ya anjera.

Kilichokuja ni mvua. Ilinyesha siku mbili, jambo ambalo uwanda ule haujui namna ya kulishughulikia, na chumvi ikageuka uji. Asubuhi ya tatu Ebla aliona magari manne yamezama mpaka tumboni, na watu wanatembea kwenye tope kuja kwake, viatu mkononi. Mbele yao alikuwa dereva aitwaye Dirir, na nyuma yake msichana aliyejipaka hina mpaka kwenye viwiko.

"Shangazi, kuna chai?" Dirir aliuliza.

"Ipo. Huyu ni nani?"

"Bi harusi. Anangojwa Borama leo."

Ebla akamtazama bi harusi, akatazama tope. "Leo hii haendi popote. Kaa, mwanangu, uikaushe miguu."

Walikaa siku tatu. Ebla alipika kila alichokuwa nacho, na mbuzi wa harusi, waliokuwa juu ya gari, wakapungua mmoja mmoja. Bogore aliposikia mjini kwamba kwa mkewe kumejaa watu, alikuja kwa miguu, suruali ameikunja magotini, ameshika taa ya mafuta.

"Nimekuletea taa," alisema.

"Saa nne hii asubuhi?"

"Basi nipe shoka."

Akapasua kuni mpaka jua likafika utosini. Siku ya tatu bwana harusi alichoka kungoja, akaja mwenyewe kwa trekta la kukodi, na shehe amekaa juu ya madigadi ya tairi. Ndoa ilifungwa pale pale, kwenye hoteli isiyo na lango. Ebla alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Tangu hapo madereva hawakupita tena mbio. Dirir aliwatangazia wenzake, na asiyesimama kwa Ebla alionekana ana mkosi. Alijenga kibanda cha pili, kisha cha tatu. Saada akawa analeta maziwa ya ngamia kila alfajiri, na kuhusu mataulo hakusema tena.

Ujumbe wa sita ulipokuja, meya alituma mtu kama kawaida. Ebla akamjibu kwamba ana wateja. Ikabidi wageni waje kula kwake, na mhandisi yule yule, sasa ana kitambi kidogo, akamwita pembeni.

"Shangazi, samahani sana. Mpango umebadilika. Lango litakuwa kule mjini."

"Mjini wapi?"

"Karibu na ile nyumba iliyobomoka."

Bogore, aliyekuwa anagawa maji, aliweka jagi chini. "Haijabomoka," alisema. "Imepungua." Lakini wiki hiyo hiyo alinunua chokaa, akapaka ukuta unaotazama baharini.

"Utarudi?" alimwuliza mkewe.

"Lango likishajengwa, njoo uniambie. Nitakuja kulitazama."

Siku hizi Bogore hulala mjini siku tatu, hotelini siku zilizobaki, na hakuna anayemwuliza anaishi wapi. Kadra alikuja kutembea mwezi uliopita, akamletea mama yake friji kubwa jeupe, limefungwa kamba juu ya gari la Dirir. Umeme bado haujafika huko. Ebla huweka humo unga na sukari, na panya hawajaweza kuingia.