Siku Moja Nilipokwenda Kiwanjani

Ukiuliza mtaani kwetu, kule mlimani juu ya Kirumba, nani aliyemkuza binti yangu katika mpira wa pete, watakuambia ni baba yake. Wala hawatakuwa wamesema uongo. Baba yake hakukosa mechi hata moja. Alivaa kofia yake ya pama, akachukua kiti chake cha kukunja, akateremka mawe taratibu kama diwani, na huko kiwanjani alikuwa na mahali pake ambapo mtu mwingine hakuthubutu kukaa. Wakati wa mapumziko aliwamenyea wasichana machungwa. Jumapili tukitoka kanisani watu walimshika mkono: hongera mzee, wazazi wote wangekuwa kama wewe tungekuwa mbali. Mimi nilisimama pembeni, shingo inaniuma, natabasamu.

Shingo iliuma kwa sababu ya maji. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, katikati ya yale mawe makubwa, na bomba lilikuwa chini, karibu na barabara. Maji yalianza kutoka saa kumi alasiri, yakakatika giza likiingia, na siku nyingine hayakutoka kabisa. Saa kumi hiyohiyo ndiyo ilikuwa saa ya mazoezi shuleni. Na kwetu, nyumba yenye msichana mkubwa, mama hachoti maji. Wakikuona unapanda na ndoo kichwani na binti yako yupo mzima wa afya, lazima waulizane kulikoni.

Mwalimu wa michezo alikuja kwetu binti yangu akiwa kidato cha kwanza. Alikuwa dada mmoja mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Akapewa chai, akasema mtoto huyu ana jicho, akirusha mpira unajua wenyewe pa kwenda, lakini mazoezini haonekani, kila siku maji, maji. Mume wangu akalichukua hilo, akahutubia kwa kirefu juu ya faida za michezo na jinsi alivyokuwa winga hatari enzi za ujana wake kule Magu. Mwalimu aliitikia kwa adabu mpaka chai ikapoa. Mwishowe akanigeukia mimi, maana wanawake tunajuana.

Nikamwambia, "Aende. Maji nitachota mimi."

Usije ukadhani nilisema hivyo kwa kupenda michezo. Wapi! Sikujua hata wanacheza wangapi kila upande. Nilisema kwa woga. Pale bombani foleni ilikuwa ndefu, na vijana wenye hela za sangara walijazana hapo kutazama nani amekua. Miaka ile samaki alikuwa ameleta hela mjini, na hela nayo ilikuwa inatafuta wasichana. Majirani zangu walikwisha kuwapoteza mabinti kwa njia hiyo, mmoja leo, mwingine kesho, shule ikaishia hapo. Kiwanjani angalau kulikuwa na mwalimu mwenye filimbi. Nikapima, nikaona ndoo ni nafuu.

Lakini ndoo unazipima vizuri ukiwa umekaa. Wakati huo mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi. Kiwanda cha nguo alikokuwa msimamizi wa mashine kilianza kwa kufunga zamu ya usiku, baadaye kikafunga mlango. Soko huria, tuliambiwa, na sisi tukaitikia kama tulivyozoea kuitikia kila kitu. Mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha minofu, chini ziwani. Unaingia alfajiri, unasimama na buti za mpira kwenye sakafu iliyojaa maji, kisu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, mpaka saa tisa. Minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na miiba, yale mapanki, vinarudi kwetu. Nikitoka hapo napanda mlima, nachukua ndoo, nashuka tena. Maji yakiisha, kupika. Kupika kukiisha, kufua, na jezi za timu nzima zilikuwa zinafuliwa kwangu, maana mume wangu alikuwa amejitolea. Alijitolea kwa mikono yangu.

Utaniuliza, na yeye je, mwanamume mzima, hana kazi, ana mabega? Hata mimi nilimuuliza. Akasema mwanamume anachota maji kwa baiskeli, na baiskeli haipandi mawe. Ni kweli, haipandi. Basi, yakaishia hapo.

Sikumchukia, jamani. Mtu aliyezoea kuwaamuru wenzake, halafu siku moja anaambiwa akae nyumbani na vumbi lake la pamba, anahitaji mahali pa kwenda ikifika saa kumi. Wenzake walikwenda kwenye pombe. Wangu alikwenda kwenye mpira wa pete. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, ingawa nilishukuru nikiwa nimenuna.

Michezo ya mwanangu niliiona jikoni, kwa masikio. Jioni wanarudi wote wawili, jasho na vicheko, na baba mtu anaanza kunisimulia nikiwa nasonga ugali. Alichukua nyanya yangu akaionyesha ilivyopita juu ya mikono ya wale wakabaji, akasimama kwa ncha za vidole kama binti alivyosimama, akanirushia, nami niiache ianguke? Niliidaka, nikaikatia kwenye mboga. Binti yangu alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Alinibembeleza niende siku moja tu nikamwone. Nilimwambia nitakuja, mwanangu. Hiyo nitakuja ikavuka mwaka, ikavuka na mwingine.

Niseme ukweli, iliniuma. Wauza machungwa walikuwa wamemwona akicheza, vijana wa mtaani wamemwona, paroko amemwona. Mimi niliyemzaa nilikuwa najua jezi yake tu, inavyonuka na inapochanika.

Alipokuwa kidato cha tatu, mwalimu alikuja tena. Safari hii hakutaka hata chai. Alisema Jumamosi ile kungekuwa na mechi kwenye kiwanja cha jirani na uwanja mkubwa wa Kirumba, wao na shule moja ya Nyamagana, na watu wa kuchagua timu ya mkoa watakuwepo. Wakimpenda, atakwenda Dar es Salaam. Akatueleza na jambo ambalo sikuwa nalijua: majeshi na mashirika yana timu zao, na msichana anayejua kufunga wanamwandika kazi, mshahara, nyumba, kila kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni. Kwa mtoto wa mkata samaki na baba aliyepunguzwa, huo haukuwa mchezo tena. Ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi Jumamosi moja.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Jumamosi nakwenda mimi. Maji utachota wewe."

Akauliza nani atawamenyea wasichana machungwa. Nikamjibu kwamba kisu nakijua kuliko yeye. Nilimhurumia kidogo, maana kile kiti cha kukunja ndicho cheo pekee alichobaki nacho. Akasema sawa.

Habari zake nilizisikia kwa jirani. Aliteremka na kofia yake ya pama na ndoo mbili, na akina mama pale bombani, kwa mshangao, wakampisha mbele ya foleni. Wakati wa kupanda alipumzika kila penye jiwe la kukalia. Ndoo ya tatu aliifikisha imebaki nusu, akajilaza kwenye mkeka mlangoni na kofia usoni, akiwaambia wapita njia kwamba anapunga upepo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku hiyo ulikuwa juu ya kichwa chake.

Sasa mimi. Jumamosi hiyo samaki walikuja wengi kupita kiasi, na msimamizi akasema hatoki mtu mpaka waishe. Tangu alfajiri nilikuwa nimesimama. Nilipotoka sikupanda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja kiwanjani na buti zangu kwenye mfuko, nanuka sangara kiasi kwamba watu walinipa nafasi bila kuombwa. Nikapata mahali pazuri, chini kwenye majani, mgongo kwenye ukuta uliokuwa umepigwa jua mchana kutwa. Ule ukuta ulikuwa na joto, wee! Ulinikanda mgongo kama mtu.

Wakaingia. Nikamtafuta mwanangu, sikumpata. Nilikuwa natafuta yule mtoto wangu wa nyumbani, anayeongea kwa kunong'ona, anayeitika "abee mama" akiwa ameinama. Kumbe ndiye yule pale chini ya pete, mikono imeinuliwa, anawafokea wenzake walete mpira. Wakamletea. Akaudaka, akasimama kwa ncha za vidole, akatulia. Watu walikuwa wanapiga kelele kila upande, yeye akatulia kama yuko peke yake duniani, halafu akauachia. Ukaingia bila kugusa chuma.

Nililia. Nasema wazi, machozi yalinitoka mbele za watu, na sikuyafuta. Aliponiona akanyanyua kidevu kidogo tu, kama kuniambia, umeona? Nikamwona akifunga tena, na tena. Wale wateuzi walikuwa wamekaa kwenye benchi upande wa pili, na mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kalamu. Nilisema moyoni, ndoo zangu zote zile, kumbe zilikuwa zinakwenda huku.

Mapumziko yalipofika niliwamenyea wasichana machungwa, haraka, na wakanicheka kwa upole kwamba mama anayamenya kama samaki. Nikarudi ukutani. Filimbi ikapigwa. Jua lilikuwa linanipiga usoni, nikasema nifumbe macho kidogo lisiniumize.

Nilipofumbua, palikuwa kimya. Jua lilikuwa limekwenda nyuma ya mawe. Kiwanjani walikuwa wamebaki mbuzi. Binti yangu alikuwa ameketi kando yangu, bado na sketi yake ya mchezo, na kanga yangu ilikuwa imetandazwa vizuri miguuni mwangu. Alikuwa ananitazama.

Nikamuuliza kama wameshinda. Akasema wameshindwa. Nikamuuliza wale watu wa mkoa wamesemaje. Akatikisa kichwa.

Akanieleza polepole, bila kulia, maana alikuwa amekwisha kulia. Baada tu ya mapumziko aliona kichwa changu kimeanguka upande na mdomo umefunguka. Akaletewa mpira, akanitazama mimi, akakosa. Akaletewa mwingine, akakosa. Alitaka mchezo usimamishwe, mwamuzi akamwambia acheze. Alirusha na kunitazama, akarusha na kunitazama, kelele zote zile na mimi sishtuki. Mwalimu alimfokea, na mwishowe akamtoa. Hapo hakungoja kitu, alikimbia moja kwa moja mpaka kwangu, akaweka mkono puani mwangu.

"Nilidhani umekufa," alisema. "Mama, mimi sijawahi kukuona umelala."

Nilikumbuka, nikatafuta siku hata moja, nikaona ni kweli. Yeye na baba yake walikuwa wakilala kabla yangu na kuamka baada yangu, tangu azaliwe.

Nilitaka kukasirika. Hasira ninayo, Mungu amenipa ya kutosha, wanaonifahamu wanajua. Nikaitafuta ya kumpa msimamizi wa kiwanda, ya kumpa mume wangu, ya kulitupia bomba, hata ya kumpa yeye mwenyewe, kwa nini asimwache mama yake afe kwanza ndipo aje kuangalia, wakati mkate wake uko pale juu ya chuma. Haikuja. Nilikuwa hoi bin taabani, hata hasira nayo ilikuwa imelala. Nilichohisi kilikuwa huzuni tu, nzito, na haya. Ningekaa nyumbani siku ile, angekwenda Dar es Salaam.

Tukaondoka. Tulipita kando ya soko la Mwaloni lililokuwa linafungwa, hatukusalimiana na mtu. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nikatembea pekupeku. Tulipofika bombani, maji yalikuwa yamekatika na foleni imetawanyika. Pale mawe yanapoanza akasimama, akageuka. Nilidhani anataka kunishika mkono.

"Huwa unachoka hivyo kila siku?" akaniuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, si mume, si mama mzazi, si mwalimu. Ningeweza kumdanganya. Sisi akina mama tunajua kudanganya kwa aina hiyo, unasema ni jua tu, ni njaa tu, kesho nitakuwa sawa. Lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

"Kila siku," nikasema.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wewe ungecheza?"

Akauchukua mfuko wangu wa buti, akajitwika kichwani. Tukaanza kupanda.