Vibao Arobaini vya Yide Lu

Dharau yangu kwa Waingereza ilikamilika siku nilipojua kwamba hata ujinga waliotuachia haukuwa mpya. Ulikuwa mtumba. Walikuwa wameshamvalisha jirani yao kabla ya kutuletea sisi.

Nilikuwa mtaa wa Yide Lu, kwenye duka la vifaa vya shule ambako huwa nanunua beji na rula za biashara yangu kila nikija Guangzhou, China. Oda ilikuwa ya shule anayosoma binti yangu kule Mwanza, shule ya msingi ya kulipia, mchepuo wa Kiingereza. Getini kuna ngao yenye simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma wakiwa na taji, na Serengeti iko pale jirani, yeyote anaweza kwenda kuhakikisha kwamba simba hawasimami hivyo. Mwalimu mkuu aliagiza beji za sweta, tai za mistari, na vibao arobaini vya lugha.

Nieleze kibao, maana wapo waliosoma kwa amani. Mtoto akisikika anaongea Kiswahili shuleni anavishwa kibao shingoni. Anakaa nacho mpaka amnase mwenzake, naye amvishe. Atakayebaki nacho jioni anachapwa. Kwa hiyo mwenye kibao hachezi, anazunguka uwanjani ametega sikio. Mimi nilivaa cha mbao nikiwa kidato cha kwanza. Kamba yake ya katani ilinichubua shingo, nikahangaika nacho siku nzima, mwishowe nikamnasa rafiki yangu bwenini akisali kwa Kiswahili. Alichapwa yeye. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo.

Na kwa akili zangu zote, miaka miwili iliyopita nilipoona shule ya binti yangu bado inatumia vya mbao, nilijitolea. Nikawatafutia vya plastiki huku huku Yide Lu: vyepesi, rangi ya kijani, kona za mviringo, kamba laini. Niliona nimefanya jambo la huruma. Mwalimu mkuu alinishukuru mbele ya wazazi, nikapigiwa makofi, nikainuka nikapunga mkono kama mbunge.

Siku hiyo dukani, laobanniang, yaani mama mwenye duka, aliweka sampuli juu ya meza akaniuliza maneno yale ya Kiingereza yana maana gani. Miaka yote miwili alikuwa akiyachapa tu. Nikamtafsiria kwa Kiingereza chetu cha sokoni kilichochanganyika na Kichina: mimi ni mjinga, leo nimesema Kiswahili.

"Walimu wenu Waingereza?" akauliza.

"Hapana. Waswahili kama mimi."

"Mtoto kuongea lugha ya mama yake, tatizo nini?"

Nikamwambia ni utaratibu wa shule, tuendelee na bei. Hakuendelea na bei. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mimi huwatazama wateja wanaonunua simu feki huku wakijua.

Nyuma yangu alisimama mzee wa Kizungu, mnunuzi kama mimi, amekumbatia ndoo za plastiki za watoto kuchezea mchanga. Akaomba kukiona kibao. Akakigeuza huku na huku, akaniuliza kinatumikaje. Nikamweleza, na kwa kuwa nilishachokozwa na laobanniang, nikamalizia kwa kumwambia amsalimie babu yake Mwingereza aliyetuletea.

"Mimi si Mwingereza," akasema. "Natoka Wales, sisi ni jirani zao."

Kwangu mimi hiyo ilikuwa sawa na mtu kuniambia hatoki Mwanza, anatoka Nyegezi, mtaa wa Mwanza hiyo hiyo. Lakini akaweka ndoo zake chini. Akasema bibi wa bibi yake alivaa kitu hicho hicho. Kipande cha mbao, kimechongwa herufi mbili za kukataza lugha yao, kina kamba. Mtoto wa Wales akisema lugha ya kwao darasani anavishwa, anamtafuta mwenzake wa kumvisha, wa mwisho anakula fimbo. Mchezo wenyewe ulikuwa huo huo, mpaka fimbo ya jioni.

"Na aliyewavisha hakuwa Mwingereza," akasema. "Walikuwa walimu wetu wenyewe. Wazazi nao walifurahi, waliona mtoto anafunguliwa njia."

Akanirudishia kibao kwa mikono miwili, akalipia ndoo zake akaenda.

Nilimwambia laobanniang asubiri, asichape chochote, nikatoka. Nilitembea hadi Shamian, kile kisiwa kidogo cha mtoni ambacho Waingereza na Wafaransa walijigawia baada ya kuwapiga Wachina mizinga. Kosa la Wachina lilikuwa kukataa kuuziwa kasumba, ile ya kuvuta. Hao ndio watu ambao mwalimu mkuu wetu anavaa tai kwenye joto la Mwanza ili afanane nao: wauza unga wenye bendera. Sasa mabibi harusi wa Kichina hupigia picha mbele ya nyumba zao. Jambazi akishaondoka, hata ngazi aliyopandia inakuwa kivutio. Nilikaa kwenye benchi, nikampigia simu mwalimu mkuu. Kwao ilikuwa saa nne asubuhi.

Nilimwambia vibao sileti. Beji na tai nitaleta, vibao hapana, na vile vya zamani avichome moto. Nikamsimulia habari ya mtu wa Wales. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa sauti ile ya kubana pua ambayo hutumia kwa wazazi.

"Unaona sasa, mama," akasema. "Kumbe hata Ulaya walipitia huko huko. Ndiyo maana wameendelea."

Naye akaendelea, akidhani ananituliza. Akasema nisiwe na wasiwasi na binti yangu, kwani muhula huu hajavaa kibao hata mara moja. Ndiye bingwa wa kunasa shule nzima. Na ana bidii hata nyumbani: Ijumaa iliyopita aliomba kukiazima kimoja, na Jumatatu akaeleza mstarini kwamba amemnasa bibi yake. Shule nzima ilimpigia makofi.

Binti yangu anaishi kwa mama yangu ninapokuwa safarini. Nilikata simu bila kuaga. Jumapili hiyo dada yangu alikuwa amenitumia picha ya mama akitoka kanisani, amependeza, kitenge kipya, na kifuani kitu cha kijani nilichodhani ni beji ya umoja wa akina mama. Sikuwa nimeikuza ile picha. Niliikuza pale kwenye benchi.

Nikampigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikamuuliza kile alichovaa kanisani alikitoa wapi, ingawa nilijua kimetoka mkononi mwangu. Akasema mjukuu wake ndiye aliyemvisha. Nikamuuliza kama anajua kimeandikwa nini, maana mama Kiingereza hajui, na Kiswahili chenyewe alijifunzia sokoni. Yeye ni Msukuma.

"Mchungaji alinisomea palepale mlangoni," akasema.

"Sasa mbona hukukivua?"

Nikasikia kuku.

"Nikikivua hasemi na mimi," akasema. "Tangu shule ifunguliwe nikimsemesha ananyamaza, anatikisa kichwa tu. Siku ile aliponivisha alicheka, akanikalia mapajani. Nikasema ngoja nikae nacho."

Hakuwa analalamika. Alikuwa ananieleza kama mtu anayeeleza njia ya kufika dukani. Kisha akaniuliza nitarudi lini, nikamjibu, akasema Mungu akutangulie.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hakukuwa na Mwingereza hata mmoja wa kumbebesha. Sampuli ilikuwa bado mkononi. Nikaishika kwa mikono miwili nikaikunja ivunjike. Ikajipinda, nikaiachia, ikanyooka. Nikaiweka chini nikaikanyaga kwa kisigino mara tatu, bibi harusi mmoja akageuka kunitazama. Haikupata hata ufa. Miaka miwili nyuma nilizunguka Yide Lu nzima nikitafuta plastiki ambayo watoto hawataweza kuivunja.