Siku Nilipotumbukia Kwenye Choo Changu cha Mfano

Mimi kushangazwa na kitu? Thubutu! Nimenunua kahawa kwa baiskeli tangu sijaota ndevu, nimelala njiani juu ya magunia huku fisi wakinizunguka, nimejenga nyumba ya bati kwa elimu ya darasa la pili, na hapa Kimwani nilitangaza kila mahali kwamba hakuna jambo litakaloniacha mdomo wazi. Basi sikilizeni jinsi nilivyovutwa kutoka shimoni kwa kamba ya ng'ombe mbele ya kijiji kizima, aibu ambayo hata leo ikitajwa, mke wangu Ma Koku hujifunika khanga usoni nisimwone anavyocheka.

Ilikuwa enzi ile ya ujamaa, kila jambo na kamati yake, na kamati ya afya mwenyekiti wake mimi. Watoto walikuwa wakiharisha sana, wengine tuliwazika, na mgonjwa alibebwa kwa machela mpaka hospitali ya mbali, mara nyingine wabebaji wakageuza njiani wakilia. Bwana Afya wa wilaya akatuambia zahanati itapewa kwanza kijiji ambacho kila kaya ina choo na inakitumia. Nikaapa zahanati hiyo ni yetu. Nikapita nyumba kwa nyumba nikiwasukuma watu wachimbe, nami nikajenga choo cha mfano, kuta za matofali, sakafu ya miti iliyokandikwa udongo, mlango wa mbao. Halafu nikafanya uamuzi mdogo tu: nikakitia kufuli, kisichafuke kabla ya ukaguzi. (Sisi wenyewe tuliendelea kwenda migombani, lakini nani wa kumuuliza mwenyekiti?)

Siku ya ukaguzi nikavaa koti langu la sufu, nikafungua kufuli kwa madaha, watu wamejaa uani.

"Sakafu hii inabeba ng'ombe!" nikamwambia Bwana Afya, na ili aamini nikaingia nikaruka. Ya kwanza salama, wakapiga makofi. Ningeishia hapo! Lakini makofi nayo yana ulevi wake, nikaruka tena kwa nguvu zaidi, kumbe kwa miezi yote ile ya kufuli mchwa walikuwa wameila ile miti kwa raha zao, nikasikia *kraa*, na mwenyekiti chini.

Jirani yangu Ta Bitegeko, ambaye nilikuwa nimemsumbua kuliko wote, akachungulia. "Waitu, Mwenyekiti wetu, huko kwema? Tukushushie kahawa?"

Waliponitoa, watu wakarudi nyuma wameziba pua. Bwana Afya peke yake akasogea, akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema taratibu, "umetoka chooni, mbona unanuka udongo mpya tu?"

Hapo ndipo watu walipoelewa, na kicheko kilichofuata sijapata kukisikia tena. Lakini Bwana Afya hakucheka. Akaniamuru nikitengeneze na familia yote ikitumie, la sivyo zahanati tuisahau.

Basi mkamwana wangu Adventina, mke wa kijana wangu, akiwa kando ya jiko (kwetu mkamwana hasemi na baba mkwe uso kwa uso), akaanza kuwaambia kuku: "Ninyi kuku, hata mkifunguliwa mlango wa choo, mtaingia anapochutama baba mkwe? Mimi kwetu sikulelewa hivyo."

"Kasema kweli," akadakia bibi mmoja. "Hata kwangu, tangu tuchimbe, mkamwana hajakanyaga." Na mwingine, na mwingine. Kumbe kijiji kizima vyoo vimesimama, na wakamwana wote na watoto wao wadogo wako migombani!

Bwana Afya akashusha pumzi, akaanza kufunga mkoba wake. Nikamshika mkono, udongo na yote. "Bwana Afya, mila hatutaishinda kwa amri. Kila nyumba yenye mkamwana itachimba cha pili. Rudi baada ya mavuno ya kahawa, na ukikuta kufuli hata moja, nizike mimi kwenye shimo lile."

Nikaanza kuchimba jioni ileile, koti nikalitundika mgombani. Cha Adventina nikakiweka upande wake wa nyumba, na wajane wenye wakamwana nikawanunulia mbao na misumari. Aliporudi, Bwana Afya hakuniuliza mimi kitu, aliwauliza wanawake, na zahanati tukapewa. Tangu hapo sijafunga tena kwa kufuli kitu kilichotengenezwa kitumike, na sitafunga. Mbao, misumari, bati, na ndizi za kuwalisha wachimbaji, vyote kutoka mfukoni mwangu mwenyewe: shilingi mia nne kumi na saba na senti hamsini.