Siku Niliyomcheka Hadija kwa Kunywa Maji

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu chumbani. Ni miaka zaidi ya ishirini sasa. Wajukuu zangu wananijua kama bibi anayemfuata kila mtu na kikombe cha maji, na wananitania kwamba nimechimba kisima natafuta wateja. Nawaacha wacheke. Hawajui tabia hiyo niliipata wapi, na kwa muda mrefu sikutaka wajue.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, na nilikuwa na vyerehani vinne kwenye baraza ya nyumba moja Kariakoo, mtaa wa maduka ya vitambaa. Mteja akitoka dukani na kitambaa chake, hatua kumi tu kanifikia. Mafundi wangu walikuwa wanawake watatu, na mimi wa nne. Nilikuwa hodari wa kukata, hilo nalisema bila kujisifu, lakini ukubwa ulikuwa umenipanda kichwani. Ukiwa na watu watatu wanaokuita bosi, ni rahisi sana kudhani umewazaa.

Choo kilikuwa uani, ndani ya nyumba, tukichangia na wapangaji. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima, alinipa ufunguo akasema, "Tatu, waambie mafundi wako wasichafue." Hayo tu. Mimi nikayaongeza ya kwangu. Nikawaambia mafundi kwamba mwenye nyumba hataki msururu uani, kwa hiyo ruhusa ni mara mbili: saa nne asubuhi na baada ya adhuhuri. Ufunguo nikauvaa shingoni kwa kamba ya kanga, pamoja na mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Anayetaka kwenda nje ya hizo saa aje aombe.

Sasa ngoja nikueleze jambo ambalo wanawake wa biashara watanielewa haraka. Pale mtaani kutokwenda haja kulikuwa ni sifa. Mwenye genge la mboga, muuza vitenge, fundi, wote tulijua dawa yake: usinywe maji. Kikombe cha chai ya rangi asubuhi, basi, mpaka urudi kwako jioni. Ukifika alasiri kichwa kinagonga, unameza vidonge viwili, unaendelea. Mimi nilikuwa bingwa. Nilikuwa najitangaza kabisa kwamba tangu nifungue baraza ile sijawahi kuingia uani kwa watu mchana. Midomo ilinipasuka, tumbo likafunga siku tatu nzima, choo kikitoka ni kilio, na bado nikajiona mwanamke wa shoka. Ujinga nao una watu wake, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Fundi mmoja alipoacha kazi, akaja Hadija mahali pake. Binti wa Magomeni, mpole, mkono wake mwepesi kwenye mashine kuliko wangu, ingawa hilo sikulisema kwa mdomo. Alikuja na chupa yake ya maji, ile kubwa, akaiweka chini karibu na mguu wa cherehani, na kila akimaliza mkono wa gauni anapiga mafunda mawili matatu. Tena alikuwa na mimba. Hapa usiniombee udhuru, mwanangu. Nilijua ana mimba. Nilikuwa nimeshazaa wawili, nilijua mjamzito anavyosumbuliwa na kibofu na anavyohitaji maji. Nilijua yote hayo.

Kwanza nikamwambia aondoe chupa, maji yatamwagikia vitambaa vya watu. Tulikuwa na oda ya sare za harusi, magauni ya satini, na satini ikidondokewa na maji inaweka alama. Neno lenyewe lilikuwa la kweli, lakini sikulisema kwa ajili ya satini. Nilikuwa nachukia kumwona anasimama. Hadija akaihamishia chupa nyuma ya mlango, akawa ananyanyuka kwenda kunywa huko. Kwa hiyo sasa ananyanyuka mara mbili zaidi, na mimi nazidi kuvimba.

Alhamisi moja, jua kali, joto la kabla ya mvua, akaja mbele yangu mara ya nne siku hiyo. "Dada Tatu, samahani, naomba ufunguo."

Wateja walikuwepo wawili, na wale mafundi wengine. Nikamtazama kuanzia miguuni, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Hadija, hilo tumbo umebeba mtoto au dumu la maji?"

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, mwanangu. Alicheka huku ameshika kingo za dera lake, akasema, "Basi dada, nitasubiri," akarudi kukaa. Nikajiona nimemweza.

Kesho yake hakuja na chupa. Wala siku iliyofuata. Saa nne akawa hanyanyuki, baada ya adhuhuri anakwenda mara moja, anarudi kimya, anashona. Nikamsifia mbele ya wenzake, nikasema sasa Hadija amekuwa fundi wa Kariakoo. Alitabasamu tu akashusha macho kwenye mashine.

Jumatano iliyofuata nikaona mshono wake umekwenda upogo. Haikuwa kawaida yake. Nikalivuta gauni mikononi mwake nikaanza kufumua huku namsema, kwamba mwenye harusi akija nitamwambia nini. Hapo ndipo nilipoona amejifunika kanga mbili, katika joto lile, na meno yanagongana. "Dada Tatu," akasema, "tumbo linanibana kwa chini. Na mgongo, hapa ubavuni." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia amalizie mkono mmoja uliobaki, kisha aende akapumzike. Akaushika ule mkono wa gauni. Hakufika nusu. Aliinama taratibu, akalaza kichwa juu ya cherehani, na nilipomshika shingoni alikuwa anaungua.

Tukampakia kwenye teksi. Njiani alishika tumbo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nasema tu, "Jikaze mwanangu, tunafika," na kila nikisema jikaze nilikuwa najisikia vibaya zaidi, maana kujikaza ndiko nilikomlazimisha wiki nzima.

Hospitalini wakamtundikia dripu. Nesi mmoja mtu mzima, mfupi, asiye na maneno mengi, akasoma majibu ya vipimo, akatuambia kuna maambukizi ya njia ya mkojo na yamepanda hadi kwenye figo. Homa ile na maji kupungua mwilini vimeanza kuchokoza uchungu, na mimba ina miezi sita tu. Mtoto akitoka sasa ni mashaka. Tunapambana abaki, akasema. Kisha akamgeukia Hadija. "Wewe mama, mkojo wako una rangi ya majani ya chai. Maji hunywi? Na mkojo unaubana?"

Nilikuwa nimesimama pale pale, mkoba wake mkononi mwangu. Hadija hakunitazama. Akasema, "Mvivu wa maji mimi, nesi. Tangu utoto."

Nesi akaandika. Nami nikanyamaza.

Baadaye akafika mama yake, Bi Chausiku, anatweta, kanga begani. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba huku macho yakiwa kitandani. Akamsema binti yake mbele yangu: mtu mzima unaambiwa kunywa maji kama mtoto, una roho ya mwenzio tumboni unaleta uvivu. Hadija akawa anasema, "Nisamehe mama." Kisha Bi Chausiku akanigeukia mimi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Ahsante sana mama. Usingekuwa wewe, leo tungezungumza mengine. Mungu akulipe kwa kunilelea mwanangu." Na mimi, mbele ya mgonjwa aliyejua kila kitu, nikajibu, "Wala usijali, mama. Ni wajibu wetu."

Nimefanya mabaya mengi ya ujana, lakini lile jibu ndilo linalonitoa jasho mpaka leo. Nilipokea shukrani kwa maradhi niliyochangia kuyaleta.

Asubuhi nilirudi na chupa ya uji. Bi Chausiku alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Nilikuwa nimekusudia kuacha uji na kuondoka, lakini akanisogezea nafasi nikae, akaniuliza kama nimelala salama, na wema ule ukanishinda. Nikamweleza yote. Zile nyakati mbili nilizoweka, uongo niliomsingizia mwenye nyumba, chupa, na lile neno la dumu na watu walivyocheka. Nilisema nikiwa nimetazama miguu yangu.

Aliichukua ile chupa ya uji akaiweka chini ya benchi. Nilitamani anitukane tuyamalize.

"Sasa ndiyo nimeelewa," akasema hatimaye. "Alikuwa akirudi nyumbani anakunywa vikombe vitatu amesimama mlangoni, hajavua hata viatu. Nikamuuliza, huko kazini hamna maji? Akasema yapo mama, nasahau tu." Akajifunga kanga vizuri. "Mimi nimefua nguo za watu, Tatu. Nimetukanwa sana. Nimeitwa majina. Lakini hakuna hata mmoja aliyenisimamisha mbele ya watu akanihesabia safari za chooni. Wewe ni mwanamke, umezaa, na ukamfanyia hivyo mwanamke mwenzio mwenye mimba."



"Sitakuapiza," akaendelea. "Ila mwanangu ameandikwa mvivu mle ndani, na mimi mama yake nimemsema kwa kosa lisilo lake. Nyanyuka ukamwambie yule nesi ulichoniambia mimi. Hadija akiwa anasikia."

Nikanyanyuka. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na wagonjwa wote macho. Nilisema. Sauti ilikatika katikati nikaanza upya. Hadija aligeuzia uso ukutani, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nesi hakunigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama midomo, akanimiminia maji kwenye kikombe cha plastiki. "Kunywa na wewe," akasema. "Hiyo midomo imepasuka. Mnajitesa wenyewe, kisha mnawatesa na wenzenu." Nikanywa mbele za watu wote, nalia. Lilikuwa funda langu la kwanza la maji mchana kwa muda ambao sikumbuki.

Mungu ni mwema. Uchungu ulitulia siku ya tatu, homa ikashuka, na mimba ikakaa hadi ilipotimia. Hadija alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti kali. Lakini barazani kwangu hakurudi. Alinunua cherehani chake, akashonea nyumbani Magomeni. Nilimwomba radhi akasema ameshasamehe, na nadhani ni kweli, kwa sababu tukikutana hunisalimia vizuri tu. Ila huwa hakai. Ananiamkia, anaulizia wajukuu, anaendelea na safari yake, nami nabaki nimesimama na maneno yangu.

Nilimrudia mwenye nyumba kumwomba mafundi waende uani watakapo. Akanishangaa. "Kwani nani aliwakataza?" akaniuliza. Hapo napo nikaona haya. Nikanunua ndoo ya mfuniko yenye koki, nikawa nachemsha maji nyumbani jioni na kuyaleta asubuhi, na mtu akisimama sikumwangalia anakwenda wapi. Maumivu yangu ya kichwa ya alasiri yalipotea ndani ya wiki chache. Tumbo likafunguka. Nilikuwa nimemeza vidonge miaka kumi kumbe mwili ulikuwa unaniomba maji.

Basi sikiliza, mwanangu. Usisubiri koo likauke ndipo ukumbuke chupa. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, na jua la Dar likipanda ongeza, maana jasho linalokutoka huko sokoni ni maji yako hayo yanaondoka. Ukienda haja, angalia. Ukiona rangi imekolea, mwili unakudai. Soda haiwezi kufanya kazi hiyo, na chai ya sukari usiifanye ndiyo maji yako ya siku nzima. Mkojo usiubane kwa ajili ya mteja, mteja atangoja. Kama una mimba au unanyonyesha, hapo mnakunywa wawili. Na kama daktari amekuambia figo au moyo wako una kipimo chake cha maji, msikilize yeye, usinisikilize mimi. Wazee wenzangu pia wakumbushe, kwani uzeeni kiu inapotea huku mwili bado unahitaji.

Lakini hayo ungeweza kuyasikia kwa nesi yeyote. La kwangu mimi ni hili: siku ukipewa watu wa kuwasimamia, wawili au ishirini, wape maji, wape na njia ya kwenda haja bila kukuomba. Usiwafanyie mzaha kwa jambo ambalo Mungu mwenyewe ndiye aliyewaumba nalo. Mtu anayecheka huku umemdhalilisha, usidhani amefurahi.

Mungu akupe afya, mwanangu, akulindie figo zako mpaka uzeeke, na akupe watu wa kukuuliza kama umekunywa maji leo. Na akuepushe na nililolifanya mimi, usije ukamfanya mwenzio aone haya kwa sababu ana kiu. Amina.